Nia ya Mtu na Kalamu ya Afisa

Liko neno moja ambalo siku hizi laandikwa sana katika barua zinazowafikia vijana wetu kutoka nchi za mbali, nalo ni neno "sikuridhika". Afisa wa uhamiaji aandika kwamba ameyasoma maombi, amezitazama karatasi zote, na hakuridhika kuwa mwombaji ana nia ya kweli. Barua yenyewe haizidi kurasa mbili. Lakini nyuma ya kurasa hizo mbili mara nyingi mna shamba lililouzwa, au dhahabu ya mama iliyopelekwa kwa sonara, au deni ambalo ndugu wanne wamedhaminiana.

Mimi nilikuwa karani wa wakili hapa Mombasa kwa miaka mingi, na tangu kustaafu watu wa mtaani huniletea barua za Kizungu niwasomee. Zamani zilikuwa barua za Ghuba: mikataba ya udereva, ya kazi za nyumbani, ya ulinzi wa maghala. Sasa zaja barua za namna nyingine. Kijana hataki tena kwenda kuajiriwa. Ataka kwenda kufungua biashara yake mwenyewe katika nchi ya watu, na huomba ile viza iliyowekwa kwa wenye kuanzisha biashara changa. Nimesoma barua kadhaa za aina hiyo, za nchi zaidi ya moja, na karibu zote zilikuwa za kukataa. Nchi za barua hizo sitazitaja, kwa kuwa barua ya mtu ni amana. Lakini jinsi milango hiyo ilivyojengwa si siri, na katika milango yote uliosifiwa zaidi ulikuwa wa Kanada. Basi na tuutazame huo, kwani mwenye kuufahamu huo hatapata tabu kuifahamu mingine.

Kanada iliufungua mlango wake tarehe 1 Aprili 2013, kwanza kwa kujaribu kwa miaka 5, kisha mwaka 2018 ukafanywa wa kudumu. Masharti yake yalikuwa mepesi kusomeka. Mtu hakutakiwa awe na mamilioni yake mwenyewe. Alitakiwa awe na biashara yenye jambo jipya ndani yake, ajue Kiingereza au Kifaransa cha kadiri, awe na fedha za kumtosha yeye na watu wake mpaka atakapotulia, na juu ya yote hayo awe na barua ya kuungwa mkono kutoka kwa shirika lililokubaliwa na serikali. Mashirika hayo yalikuwa ya aina tatu. Aina ya kwanza ni mifuko ya wenye mitaji mikubwa, ambayo ilibidi itie katika biashara hiyo dola za Kanada 200,000 au zaidi. Aina ya pili ni makundi ya matajiri watoao mitaji kwa biashara za watu wengine, nayo yalitakiwa yatoe 75,000 au zaidi. Aina ya tatu ni vituo vya kulea biashara changa, na vituo hivi havikulazimishwa kutoa hata senti moja. Vilitakiwa vimpokee mwombaji katika malezi yao, basi. Msomaji na aiweke akilini aina hii ya tatu, kwani hapo ndipo maji yalipoingilia.

Mwenye kupata barua hiyo aliomba ukaazi wa kudumu. Na kwa kuwa maombi ya ukaazi yalikuwa yakichukua miaka, alikuwa na njia ya kuomba kibali cha muda cha kufanya kazi, ili aingie nchini, akodi ofisi, atafute wanunuzi, aanze. Hilo lilikuwa la busara, kwani hakuna mnunuzi atakayemngojea mwenye bidhaa miaka mitatu. Lakini ni hapo kwenye kibali ndipo wengi walipokwama.

Sababu yake ni hii. Sheria ya kibali chochote cha muda yamtaka afisa aridhike kwamba mgeni ataondoka muda wake ukiisha. Na huyu mgeni, katika bahasha nyingine, ameomba akae daima! Waliotunga sheria ya Kanada ya mwaka 2001 waliuona mgongano huo mapema, wakatia kifungu kisemacho kwamba mtu aweza kuwa na nia mbili kwa pamoja: kutaka kuwa mkaazi wa kudumu hakumzuii kupewa ruhusa ya muda, maadamu afisa aridhike kuwa ataondoka muda ule ukimalizika. Kifungu ni kizuri. Lakini kimempa afisa kazi nzito, nayo ni kuukadiria moyo wa mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa kuzisoma karatasi zake.

Ndipo hutazamwa familia ya mtu imebaki wapi, ana mali gani kwao, amesafiri mara ngapi na akarudi, na kazi aliyoiacha ni ya namna gani. Na hapa nina la kusema. Katika barua nilizozisoma mimi, yuko aliyekataliwa kwa kuwa alitaka kwenda na mke na watoto, kwa hiyo hakubakisha kitu cha kumrudisha. Na yuko aliyekataliwa kwa kuwa hana mke wala watoto, kwa hiyo naye hana cha kumrudisha. Nilizisoma barua hizo mbili katika juma moja. Sijui kijana wa tatu ningemshauri awe na hali gani.

Sisi Waislamu neno nia si geni kwetu. Imam Bukhari aliianza Sahihi yake kwa hadithi ya nia, na Imam Nawawi akaianza nayo Arubaini yake, na watoto wetu wa chuoni wanaihifadhi kabla ya kuota ndevu. Lakini hadithi hiyo yamwelekeza mtu kuitazama nia yake mwenyewe. Haikumpa idhini ya kuipekua ya mwenziwe. Wengi twakijua kisa cha Usama bin Zaid, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliyekuwa kipenzi cha Mtume s.a.w. Katika vita alimpata mtu, na mtu yule alipoona upanga umemfikia akatamka shahada. Usama akamuua, akidhani ameitamka kwa hofu ya kufa. Habari ilipofika kwa Mtume s.a.w. alimlaumu lawama nzito sana, akamuuliza kama alikuwa ameupasua moyo wa yule mtu akayaona yaliyomo. Usama mwenyewe alisema baadaye kuwa alitamani lau angekuwa amesilimu siku ile tu, ili dhambi ile isiwe juu yake. Wanavyuoni wakatoa katika kisa hiki na vingine mfano wake kanuni iliyo mashuhuri, kwamba mwanadamu huhukumu kwa yaliyo dhahiri, na ya moyoni huachiwa Mwenye kuyajua.

Afisa wa uhamiaji si kadhi, wala hatukusudii kusema kwamba nchi za watu zihukumu kwa fiqhi yetu. Nchi ina haki ya kulinda mlango wake, na mwenye nyumba humuuliza mgeni habari zake. Tunalosema ni kwamba, hata kwa akili tu bila ya kitabu, nia haipimwi ila kwa alama zake za nje: bidhaa ipo au haipo, nani aliyeitengeneza, nani ameinunua, fedha zimetoka wapi, mwombaji aweza kuieleza biashara yake akiulizwa au hawezi. Afisa akizitazama alama hizo kisha akakataa, amehukumu kwa dhahiri. Akiziacha hizo akaandika tu kwamba moyo wake haukutua, huyo amejaribu kupasua kifua cha mtu.

Lakini haki ni kuyasema yote, hata yale yasiyotupendeza. Shaka ya afisa haikuzuka hivi hivi. Iko biashara iliyomfunza shaka, na katika biashara hiyo wamo watu wa rangi zote na dini zote, na wamo wetu.

Sheria ya Kanada iliruhusu watu hadi 5 waombe kwa biashara moja, ilimradi kila mmoja wao awe na asilimia 10 au zaidi ya kura za kampuni. Makusudi yalikuwa mema, kwa sababu biashara changa aghalabu huanzishwa na marafiki: mmoja ana ufundi, mmoja ana lugha ya kuuza, mmoja ni mtu wa hesabu. Madalali wakazitazama nafasi hizo tano kwa jicho jingine. Waliona gari lenye viti vitano na dereva mmoja. Mwenye wazo alikalia cha kwanza, na vinne vilivyobaki vikatiwa bei. Na kituo cha kulea ambacho hakikutoa senti yake hakikuwa na cha kupoteza kwa kuandika barua moja zaidi. Sisemi kuwa vituo vyote vilikuwa hivyo. Viko vilivyofanya kazi yao kwa haki. Lakini mlango usio na gharama kwa anayeufungua hauchelewi kujaa watu.

Sheria yenyewe ilikuwa na kifungu cha kuwakamata watu hao: mwenye kuingia katika mapatano kwa ajili hasa ya kupata ukaazi, na si kwa ajili ya kuifanya biashara, hakuhesabiwa kuwa ni katika watu wa viza hiyo. Tena barua ya shirika iliweza kuwataja baadhi ya washirika kuwa ni watu ambao biashara haiwezi kwenda bila wao, na akikataliwa mmoja wa hao basi kundi zima lilikataliwa. Mwenye biashara ya kweli aliyeshawishika kuwapandisha wengine kwenye gari lake alikuwa amejifunga nao kamba moja shingoni.

Na mtu asidhani kwamba Kanada ilikuwa peke yake. Uingereza ilikuwa na njia ya wenye kuanzisha biashara tangu 2008, ikitaka mtaji wa pauni 200,000. Zikaonekana fedha zilezile zikizunguka kwa majina mbalimbali, na mwezi wa Januari 2013 likaongezwa sharti la kuupima ukweli wa mwombaji: afisa aridhike kuwa huyu kweli ni mtu wa biashara. Njia hiyo ilifungwa mwaka 2019 ikaja nyingine ya biashara changa, nayo ikafungwa mwezi wa Aprili 2023 ikaja nyingine tena. Kila mlango mpya ulikuja na kufuli zake.

Yuko kijana mmoja wa mtaani kwetu, yatima wa baba, ambaye ni fundi wa vyombo vya umeme. Ametengeneza kidude kidogo, si kikubwa kuliko pakiti ya majani ya chai, kinachotiwa ndani ya sanduku la samaki. Kidude hicho hupima baridi ya barafu njiani, na barafu ikianza kuyeyuka humpelekea mwenye samaki ujumbe kwenye simu. Wavuvi wetu wajua maana yake. Samaki akitoka Kipini au Vanga akafika Mombasa amelegea, mchuuzi hukata bei apendavyo, na mvuvi hana la kujibu kwa kuwa hakuna ajuaye sanduku liliharibika wapi.

Basi kijana huyu alijiwa na wakala. Wakala alikisifu sana kile kidude, kisha akamwambia kwamba njia ya kidude ni ndefu na ana iliyo fupi. Iko kampuni tayari, ya kufundisha lugha kwa kompyuta, ina barua yake ya kuungwa mkono, na imebaki nafasi moja ya mshirika wa tano. Atoe dola 30,000, ataandikwa asilimia 10, atafanyiwa kila karatasi, na kibali cha kazi kitakuja kabla ya ukaazi. Kijana akauliza, "Na kazi yangu mimi katika kampuni itakuwa nini?" Akajibiwa kwamba hilo lisimtie wasiwasi, kwani yameandaliwa majibu ya maswali yote na atapewa ayahifadhi.

Mama yake ana shamba dogo la minazi upande wa Msambweni, alilorithi, na ana vikuku na mikufu ya harusi yake. Wakaja nyumbani kwangu wote wawili baada ya Laasiri na zile karatasi.

Nikazisoma. Kwa upande wa Kizungu zilikuwa safi, zimeandikwa na mtu ajuaye kazi yake. Nikamwuliza kijana kama amewahi kuonana na wale washirika wanne. Akasema hapana. Nikamwuliza faida ikipatikana atapata nini, na hasara ikitokea atabeba nini. Akatazama chini. Akasema, "Ami, wameniambia kuna karatasi nyingine ya siri, kwamba nikishapata ukaazi hisa zangu nazirudisha."

Msomaji na asimame hapa kidogo, kwani hii ndiyo shina ya mambo. Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na walimu wetu walitusomesha Minhaj ya Imam Nawawi. Katika mlango wa ushirika, kitabu hicho chataja aina nne za shirka na kuitia sahihi moja tu, shirkatul-inan. Tatu nyingine, kwa madhehebu yetu, ni batili, na miongoni mwao ni ushirika wa watu wasiotia mali bali majina na sifa zao tu. Ushirika sahihi wataka kila mmoja atie mali yake, mali zichanganywe hata isijulikane ipi ya nani, na faida na hasara vifuate mali hiyo. Yaani wote wawe katika chombo kimoja, kikizama wanazama pamoja. Madhehebu nyingine zina upana zaidi katika jambo hili, na juu ya kampuni za hisa za zama hizi wanavyuoni wameandika mengi. Sisemi kuwa kila kampuni ya leo ni batili. Lakini nionyeshwe ni madhehebu gani, au kwa hakika ni sheria gani ya Kizungu, inayomwita mshirika mtu ambaye hajui wenziwe, hana kazi, hapati faida, habebi hasara, na amekwisha kutia sahihi kurudisha hisa zake kabla hajazipokea! Huyo amenunua tikiti. Na ile karatasi ya kuombea viza, iliyoandikwa kuwa yeye ni mshirika, ni ushahidi wa uongo uliotiwa sahihi kwa mkono wake.

Wako watakaosema: huo ni uongo kwa serikali ya watu wasio wa dini yetu, na wao walitutawala wakachukua vyetu. Maneno haya nimeyasikia hata kwenye baraza za watu wazima. Mtume s.a.w. usiku wa kuhama Makka alimwacha nyuma Sayyidna Ali awarudishie Makureishi amana zao, na Makureishi hao ndio waliokuwa wamekula njama ya kumuua. Sina zaidi ya hilo.

Tena jambo hili la kuazima jina si jipya kwetu, na ndiyo maana twalipuuza. Waliokwenda Ghuba wamjua vizuri kafili. Kwa miaka mingi mgeni katika nchi hizo hakuweza kufungua duka ila awe na mwenyeji aliyeandikwa kuwa mwenye sehemu kubwa, na aghalabu mwenyeji huyo hakujua hata duka lauza nini. Alichukua ada yake ya mwaka akalala. Oman ililegeza sharti hilo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2020, na Imarati kuanzia Juni 2021. Saudia mwaka 2020 ilitunga sheria kali juu ya mwenyeji anayemfunikia mgeni biashara, nao huliita jambo hilo tasattur, neno la asili moja na sitara yetu, na adhabu yake yafika miaka 5 gerezani na faini ya riali milioni 5. Na hapa kwetu je? Leseni ngapi zimeandikwa kwa jina la mwenyeji na droo ya fedha ina ufunguo wa mtu mwingine?

Kwa hiyo tusilie kana kwamba kunyimwa kibali ni jambo walilolibuni Wazungu ili kututesa sisi. Wazee wa Mombasa wakumbuka mwaka 1967, ilipopita sheria ya uhamiaji na ya leseni za biashara, na Wahindi wenye maduka ambao hawakuchukua uraia wa Kenya wakatakiwa wawe na vibali. Wengi walinyimwa. Walifunga milango wakaenda viwanja vya ndege na masanduku yao, na Uingereza iliyowapa pasi za kusafiria ikapitisha sheria upesi upesi mwezi wa Machi 1968 ya kuwazuia wasiingie. Watu waliozaliwa hapa wakawa hawana pa kushuka. Nimetaja hayo kwa kuwa baadhi ya waliowafukuza kwa maneno barabarani walikuwa ni watu wa sala. Na karibuni tu, mwezi wa Julai 2025, Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo ndogo, kama kutengeneza simu, kutuma fedha kwa simu, na kuongoza watalii. Na waliopiga kelele kwanza walikuwa majirani zao Wakenya. Nasi Kenya, mgeni atakaye kibali cha kufanya biashara, hutakiwa aonyeshe mtaji wa dola 100,000 za Marekani. Ni wangapi katika vijana wetu waombao huko kwa watu wenye nusu ya hizo?

Sasa nirudi kwenye insafu, kwani nisije nikaonekana nimewatetea maafisa. Katika barua nilizosoma iko moja iliyoniuma. Ni ya binti wa hapa hapa mjini, aliyesoma kwa tabu, na biashara yake ilikuwa ya kweli: ana wateja, ana vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa, ana mshirika mmoja ambaye walisoma darasa moja. Hakununua kitu kwa dalali. Alinyimwa kibali cha kazi kwa sababu afisa aliona biashara yake yaweza kuendeshwa kutokea kwao bila yeye kuhama. Hakuna hata mstari mmoja juu ya wale wateja. Hakuna juu ya hesabu. Nilimtazama anavyoikunja ile barua nikakumbuka kwamba wenye kuuza viti hawaitumii wao barua hii, humjia huyu.

Kwa Kanada, mtu wa namna hiyo alikuwa na njia ya kwenda Mahakama ya Shirikisho. Aliye nje ya nchi hupewa siku 60 tangu kupata habari, na aliye ndani siku 15. Kwanza huomba idhini ya kusikizwa, na wengi huishia hapo. Akisikizwa akashinda, mahakama haimpi kibali. Huyarudisha maombi yake kwa afisa mwingine ayatazame upya. Wengine huona kuwa huo ni ushindi wa hewa. Mimi siuoni hivyo. Mwezi wa Disemba 2019, katika kesi ya Vavilov, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilieleza kwamba uamuzi wa afisa ni lazima uwe na sababu zinazofuatana na kuafikiana na ushahidi uliokuwa mbele yake, na kwamba kadiri jambo linavyomgusa mtu maisha yake ndivyo sababu zinavyotakiwa kuwa za kutosha. Hiyo ni insafu, na yafaa kusifiwa popote itokapo. Ila ada ya wakili kwa kesi kama hiyo si ya mtu wa kawaida, na siku 60 hupita upesi kwa mtu anayezitumia kuchangisha.

Mwisho wa mlango wenyewe wajulikana. Maombi yalirundikana hata tarehe 30 Aprili 2024 Kanada ikaweka kikomo, kila shirika lisiunge mkono zaidi ya biashara 10 kwa mwaka. Haikusaidia vya kutosha. Mwezi wa Disemba 2025 ikatangazwa kuwa maombi mapya ya vibali vya kazi vya viza hiyo hayapokewi tena kuanzia tarehe 19, na mlango wa ukaazi nao ukafungwa kwa wapya mwisho wa mwezi huo, isipokuwa kwa waliokwisha kupata barua za mwaka 2025. Wakafungiwa wauza viti, na wakafungiwa na wale waliokuwa wakiijenga bidhaa yao usiku baada ya kazi.

Nimewaacha mama na mwana sebuleni kwangu. Baada ya kusikia habari ya ile karatasi ya siri, mama alinyamaza muda, akiizungusha bangili mkononi. Kisha akamwuliza mwanawe, "Hiyo kampuni ya lugha, lau isingekuwa na safari ndani yake, ungeifanya?"

Kijana akacheka kwa haya. Akasema, "Mama, mimi hata Kifaransa sikijui."

Wakala alipiga simu mara nyingi baadaye, na kila mara bei ilikuwa ikishuka. Bangili ingali mkononi, na shamba la Msambweni liliangua nazi mwezi uliopita. Kijana ana masanduku 11 yenye vidude vyake baina ya Kipini na Mombasa, na mvuvi mmoja wa Vanga amelipia vitatu kwa fedha taslimu. Anasema akifika masanduku 50 ataomba viza kwa jina lake na kwa biashara yake, katika nchi ambayo mlango wake utakuwa wazi siku hiyo. Nilimwambia aanze tangu sasa kuweka risiti zote, hata za senti kumi, na aziandike tarehe.